Wanaojibu kwa Niaba ya Moyo

Nimestaafu. Nina miaka kumi na minane na miezi miwili, na utumishi wangu ulidumu miezi sita, kuanzia Januari nilipokuwa nasubiri matokeo ya kidato cha nne hadi Juni nilipopangiwa kidato cha tano Tabora. Sherehe ya kuniaga ilikuwa soda moja na chapati mbili. Mama Generoza alinisogezea sahani akasema, haya mstaafu, kula, na mimi kwa aibu nikala nimegeukia ukutani.

Watu wazima wakistaafu huandika kumbukumbu ili wadogo wajifunze, hasa wale ambao walipokuwa kazini hawakumfundisha mtu hata kuwasha feni. Mimi naandika kwa ajili yako wewe utakayekalia kile kiti changu kisicho na mgongo, pale kando ya pazia. Sikujui. Najua tu kwamba Sista matroni atachukua tena mtu aliyemaliza kidato cha nne, mwenye mwandiko mzuri na asiyeongea sana. Mwandiko utaushughulikia mwenyewe. Hilo la kutoongea ndilo nataka tulizungumze.

Chumba cha moyo ni cha mwisho kwenye korido ya wagonjwa wa nje. Zamani kilikuwa stoo ya magodoro, na siku za mvua bado kinanuka godoro. Kuna kitanda, kuna mashine ya magurudumu, na kuna feni inayozunguka kwa kujipendekeza tu, upepo hauleti. Mashine yenyewe ni ndugu wa ile ya wajawazito: inatuma mawimbi ya sauti ndani ya kifua, nayo yanarudi na picha ya moyo ukicheza kwenye skrini. Wauguzi wanaiita eko. Wagonjwa wetu wengi wanaiita televisheni, na wapo waliowahi kulalamika kwamba haina sauti.

Kazi niliipata kupitia shangazi yangu anayefanya usafi hospitalini. Mama Generoza, mtaalamu wa mashine, ni Mhaya wa Muleba, jambo ambalo utaambiwa kabla hujauliza. Kihangaza chetu cha Ngara hakijui, na Kisubi cha Biharamulo anasema ni Kihangaza kilichochoka. Wazee wetu nao Kiswahili wanakiacha sokoni wakishamaliza kununua. Kwa hiyo alihitajika mtu wa kukaa katikati na kutafsiri, kujaza fomu, kuandika rejista na kuwafuta watu jeli kifuani. Kihangaza ni changu, na Kisubi nilifundishwa na bibi yangu mzaa mama, kwa fimbo.

Siku ya kwanza nilivaa sketi ya shule kwa sababu sikuwa na nguo nyingine inayofanana na ofisi. Wakanivisha koti jeupe la mtu mnene. Mgonjwa wa kwanza alikuwa bibi wa Kabanga, mzee kabisa, akaingia akaliona koti, akaniambia, shikamoo daktari. Bibi wa umri ule, mimi! Kusema marahaba nilishindwa, kumrudishia shikamoo nikashindwa vilevile. Niliinama chini ya kitanda kama natafuta kalamu, nikakaa huko hadi Mama Generoza aliponiuliza kama nimeipata.

Kalamu ilikuwa mkononi.

Mama Generoza alinifundisha kazi kwa maneno machache na makali. Jeli ipashe joto kwenye viganja kwanza, maana mtu aliyeshtushwa na baridi anakuwa na moyo wa mtu aliyeshtushwa na baridi. Mlaze kwa ubavu wa kushoto. Pazia livute kabla hajavua, si baada ya kuvua. Ukitafsiri maneno ya mgonjwa, sema "mimi", usiseme "anasema kwamba", kwa sababu ukisema "anasema kwamba" utaanza kumsahihisha. Na uso wako usiwe tangazo: ukiona kitu kwenye skrini, kione kimyakimya. Hilo la mwisho lilikuwa rahisi. Uso wangu haujawahi kutangaza chochote, hata njaa.

Nikajifunza kuona. Moyo una vyumba vinne, kuta zinazobana na kuachia, na milango midogo inayofunguka na kufunga bila kuchoka na bila mshahara. Nikajifunza pia watu wanataka nini kwenye moyo. Mzee mmoja wa Rulenge aliomba aangaliziwe kama kinyongo alichokuwa nacho kwa shemeji yake kimeshatoka. Diwani mmoja, kata siitaji, alitaka apewe picha akaitundike sebuleni ili wapiga kura waone ukubwa. Mama Generoza akamjibu kwamba moyo mkubwa ni ugonjwa. Diwani akasema basi achapiwe hivyohivyo.

Fomu yetu ina maswali mengi, na la kumi na moja ndilo litakalokukuta njiani kila siku: kuna ndugu wa damu aliyekufa ghafla akiwa bado kijana? Kwa miezi miwili niliandika "Hapana" hadi nikaweza kuiandika nimefumba macho. Nikaamini kabisa kwamba Ngara na Biharamulo ni wilaya zenye afya kuliko zote chini ya jua. Baadaye ndiyo nikaelewa. Kwetu mtu hafi ghafla. Anakufa maji, anarogwa, anapigwa na radi iliyopiga upande wa pili wa mlima, analishwa kitu harusini. Kila kifo kina mwenyewe. Kufa ghafla tu, bila mtu wa kulaumiwa, ni kama kumkosea marehemu heshima.

Jambo jingine nililijua tangu utotoni bila kujua kwamba nalijua, nalo ni nani anayejibu. Mgonjwa akija na mama yake, na baba yake, na kaka mkubwa wa baba yake, swali linapita juu ya mgonjwa, linapita juu ya mama, linapunguza mwendo kwa baba, halafu linatua kwa baba mkubwa. Hakuna aliyelielekeza huko. Nyumbani kwetu pia mgeni akiuliza mama anaumwa nini, baba ndiye anayeumwa.

Sasa nije kwa huyu nitakayemwita Editha, ingawa silo jina lake.

Alikuja mwezi wa tatu, kutoka Nemba kule Biharamulo. Msichana wa kidato cha pili, mrefu, anayekaa kama anaomba radhi kwa urefu. Wenzake walikuwa watatu. Baba yake alikuwa mtu mkimya mwenye mikono ya jembe. Mama yake alikaa kwenye ncha ya benchi kabisa, mtu mwingine angesogea kidogo tu angeanguka. Wa tatu alikuwa baba mkubwa, Mzee Leonidas, mwenye kofia, fimbo, na faili la plastiki ambalo alilishika kama mtoto mchanga. Walikuwa wamepata lifti ya lori linalokwenda Rusumo, wakashukia Benaco, wakapanda gari dogo hadi kwetu, na katika safari yote hiyo kofia ya mzee haikupata hata vumbi.

Shida ilikuwa kuanguka. Shuleni kwa Editha kengele ni ringi ya gurudumu la lori, inapigwa kwa nondo nje ya dirisha la bweni lake. Mara tatu ringi ilipigwa asubuhi na Editha akaanguka hapohapo alipokuwa, macho yamegeuka. Shule ikasema ni mapepo. Mlezi wa bweni akaleta watu wa maombi, na maombi nayo yakaleta wengine watano walioanguka kwa kuiga, kwa hiyo ushahidi ukawa umekamilika. Mwishowe mkuu wa shule akaandika barua: mwanafunzi asirudi hadi alete karatasi ya hospitali inayosema ni mzima. Ona ile barua ilivyotaka. Haikuuliza anaumwa nini.

Nikasoma swali la kumi na moja kwa Kisubi, na macho yangu, kwa adabu zote, yakaenda kwa Mzee Leonidas.

"Hakuna," akasema. "Kwetu watu hawafi. Baba yangu alikufa na miaka tisini na mbili, na hata hapo tulimlazimisha."

Wote tukacheka. Hata mimi, ndani ya mkono wa koti. Nikaandika Hapana.

Mama Generoza alimpima kwa utaratibu wake wote. Kuta nzuri, milango mizuri, kubana kuzuri. Moyo huu, akasema, ungekuwa ng'ombe ungepelekwa maonyesho ya Nane Nane. Na ulikuwa mzuri kweli, mimi mwenyewe niliuona.

Lakini mashine yetu ina nyaya tatu nyembamba. Zinabandikwa kifuani kwa stika, na zikishabandikwa, mstari wa umeme wa moyo unapita chini ya picha, juu moyo unacheza, chini umeme unajiandika. Stika ziliisha Februari. Picha inaonekana bila nyaya, hivyo nyaya zikapewa likizo: zilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, pamoja na aproni ya Mama Generoza. Mashine nyingine kubwa ya kupima umeme wa moyo ilikuwepo wodi ya wanaume, ikisubiri karatasi tangu kabla sijaajiriwa. Basi karatasi ya Editha ikaandikwa: moyo wa kawaida. Mzee Leonidas akaitia kwenye faili kama hati ya shamba.

Gari la kurudi lilikuwa limekwisha kuondoka, wakalala hospitalini. Na hapa nieleze aibu yangu. Chakula cha mchana nilikuwa sili kwenye chumba cha wafanyakazi, kwa sababu pale watu wanakuuliza maswali ukiwa umejaza mdomo. Nilikuwa naenda jikoni kwa ndugu wa wagonjwa, kule nyuma, nakaa pembeni na bakuli langu la maharage, na kwa kuwa nilikuwa nimevua koti hakuna aliyejua mimi ni nani. Mama Editha alikuwa anageuza ndizi kwenye sufuria, anaongea na mwanamke mwingine kwa Kisubi.

Dada yake mkubwa, alisema, alikuwa anafagia uani, bati likadondoka kutoka juu ya paa nyuma yake, kishindo kikubwa. Bati halikumgusa. Alianguka, akafa. Wakasema amerogwa, na jirani mmoja ikabidi ahame. Kaka yake aliyemfuata alikufa mtoni kwenye maji ya magotini, na huyo alikuwa anajua kuogelea. Wakasema mamba, ingawa mwili haukuwa na alama ya jino hata moja. Na sasa huyu wangu, akasema.

Yule mwanamke akamuuliza kama amemwambia daktari.

"Nimwambie nani?" akasema. "Mwenye kujibu alikuwepo."

Maharage yalikuwa mdomoni, nikayashikilia humo muda mrefu. Kwa maana mimi ndiye niliyekuwa nimesoma swali. Mimi ndiye niliyemwangalia mzee badala ya mama. Na kwenye fomu iliyokuwa na mwandiko wangu mzuri kulikuwa na uongo, nao hakuna aliyeusema. Mzee Leonidas alijibu kweli tupu kuhusu watu wake. Watu wa mke wa mdogo wake si watu wake. Na mama kusimama mbele ya shemeji yake na kusema kwamba kwao wanaanguka ingekuwa ni kukiri kwamba alipoolewa alikuja na kitu kwenye mzigo.

Niliinuka niende kumwambia Mama Generoza. Nikafika kwenye korido. Nikawaza: amekwisha kusaini. Nikawaza: ataniuliza nilikuwa natafuta nini jikoni. Nikawaza: ni maneno ya watu wazima, nami niliyapata kwa kusikiliza pembeni. Unaona jinsi mtu mwoga anavyokuwa na sababu nyingi, tena zenye adabu. Jioni nikaandika kwenye daftari langu la siku, kesho nitasema. Asubuhi walikuwa wameondoka na gari la kwanza. Nikaandika "nitasema" siku nne mfululizo. Daftari langu ni jasiri sana. Halafu nikaacha, nikaanza kuandika habari za Pasaka.

Shule ikaipokea karatasi kwa furaha. Moyo wa kawaida, maana yake mapepo yamethibitishwa na hospitali. Editha akarudi bwenini kwenye dirisha lilelile. Katikati ya Aprili ringi ikapigwa naye akaanguka mstarini mbele ya shule nzima, uso chini, akavunjika meno mawili ya mbele, na safari hii hakupumua. Watu wa maombi walikuwepo, wakaanza wimbo. Mwalimu wa michezo, ambaye aliwahi kufundishwa huduma ya kwanza mgambo na alikuwa akichekwa kwa kuisimulia kila mara, akapiga magoti akamkandamiza kifua hadi akarudi. Wimbo ulikuwa umefika ubeti wa tatu.

Walimleta kwetu Ijumaa ya mwisho ya mwezi, kwa sababu siku hiyo anakuja daktari wa moyo kutoka Mwanza. Daktari Masanja. Nilimtarajia mtu wa ndevu na brifkesi, akaja kijana wa raba za kukimbilia, anatafuna karanga. Waliingia walewale wanne. Editha alikuwa amefunika mdomo kwa mkono. Mimi nilimwona nikataka ule msumari nyuma ya mlango unipokee na mimi.

Daktari akasoma karatasi ya Machi, akageuza nyuma, akageuza mbele.

"Mstari wa umeme uko wapi?"

Mama Generoza akatazama mlango. Daktari akatazama alikotazama. Akatoa stika kwenye mfuko wake, akaziteremsha nyaya, aproni ikaanguka sakafuni, na hakuna aliyeiokota.

Kuta nzuri, milango mizuri, kubana kuzuri, kama mwanzo. Lakini sasa chini ya picha mstari ulikuwa unapita. Daktari akaisimamisha picha, akaweka alama pale umeme unapoanza, alama nyingine pale wimbi la mwisho la umeme linapolala, na alama ya tatu pale mlango wa mshipa mkubwa unapofunga baada ya moyo kusukuma damu. Akarudia kwenye pigo jingine, na jingine. Kisha akatuita tuone wote, hata Mzee Leonidas na kofia yake.

Kwa mtu wa kawaida, akaeleza, umeme unamaliza kazi yake kwanza, ndipo mlango unafunga. Kwa Editha mlango umeshafunga, moyo umeshaanza kupumzika, na umeme bado uko kazini. Mimi nilielewa mara moja: ni mwalimu anayeendelea kufundisha baada ya kengele, na darasa lililokwisha kuinuka linaweza kufanya lolote. Katika mwanya huo wa mchanganyiko, kishindo cha ghafla kikiingia, moyo unaweza kupoteza mpigo na kuanza kutetemeka bila kusukuma damu. Picha nzuri haimwokoi mtu wa namna hii, kwa sababu kasoro haiko kwenye umbo. Na kadiri mlango unavyouacha umeme nyuma, ndivyo hatari inavyoelekea kuwa kubwa. Lakini kipimo kimoja hakitoshi kumhukumu mtu, akasema. Lazima mashine kubwa ya wodini ipate karatasi leo hii, na lazima tujue habari za familia, maana jambo hili aghalabu hurithiwa. Kama ni hilo, kuna vidonge vya kila siku, kuna dawa za kuepuka, na kuna wengine nyumbani wa kupimwa kabla hawajaanguka.

Akamgeukia Mzee Leonidas, kama swali linavyogeukia.

"Mzee, kuna aliyekufa ghafla, kijana?"

"Nilishasema Machi. Hakuna."

Daktari akanitazama mimi. "Andika."

Kalamu nilikuwa nayo. Karatasi ilikuwepo. Herufi sita tu, na mkono wangu ulizijua kuliko jina langu. Nikamwona Editha amefunika mdomo. Nikasema, "Muulizeni mama." Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyoipanga, na nyembamba, kama ya mbuzi.

Mzee Leonidas akageuka polepole, maana hadi siku ile hakujua kwamba ndani ya koti kuna mtu.

"Binti, wewe ni nani katika ukoo huu?"

"Mimi ni karani," nikasema.

Mama Editha alikuwa anatazama sakafu. Kila mtu alikuwa anamtazama yeye, isipokuwa mume wake, aliyekuwa anatazama mikono yake. Huyo mtu katika safari mbili sikuwa nimemsikia akitoa neno zaidi ya shikamoo na marahaba. Akasema, bila kuinua kichwa, "Sema."

Mama Editha akasema, kwa Kisubi, na mimi nikatafsiri kama nilivyofundishwa, kwa "mimi". Kwa hiyo nikajisikia, mimi nisiyeweza kuomba chumvi mezani, nikisema kwa sauti mbele ya wanaume watatu: dada yangu alikufa uani bati lilipodondoka. Kaka yangu alikufa kwenye maji ya magotini. Na mimi mwenyewe nikiwa msichana nilianguka mara mbili, nikaficha, kwa sababu nilikuwa nimeshachumbiwa.

"Kumbe tulitoa ng'ombe tukanunua ugonjwa," akasema Mzee Leonidas.

Mama Editha akainua uso. "Ng'ombe walikuwa wenu, shemeji. Waliokufa walikuwa wangu."

Niliitafsiri hiyo pia, ingawa Mzee Leonidas hakuhitaji tafsiri. Daktari aliihitaji. Akaacha karanga zake juu ya mashine, akasema mama naye apande kitandani.

Mlango wake ulikuwa unawahi vilevile, ingawa si kwa mbali kama wa Editha. Mashine ya wodini ikapata karatasi ndani ya saa moja. Miezi yote ile karatasi ilikuwa stoo, imeandikwa kwa jina la wodi nyingine. Mashine ikaonyesha jambo lilelile: umeme unaochelewa kulala.

Walipotoka nilingoja nigombezwe. Mama Generoza akachukua nakala ya Machi, akaandika pembeni kwa wino mwekundu, "Nyaya hazikufungwa," akasaini. Akanisogezea kalamu.

"Na wewe andika la kwako."

Nikaandika: karani alisikia, hakusema. Iko kwenye faili la Machi. Utakapokuwa unalipanga utaiona, usidhani ni utani.

Shule ilipopata karatasi mpya, mkuu aliitisha kikao kujadili kama ringi inaweza kuhamishwa, akaahirisha kikao kwa kukosa akidi, akaitisha kingine. Mwalimu wa michezo hakusubiri. Aliifungua ringi siku ya Jumamosi akaitundika nyuma ya jiko, mbali, na bweni la akina Editha sasa linaamshwa na kiranja kwa kugusa bega. Editha anakunywa vidonge. Hajaanguka tena hadi ninapoandika haya. Meno bado hayajawekwa, na hata hivyo ameanza kucheka bila kufunika mdomo, nadhani kwa uchovu wa mkono.

Ijumaa ya mwisho ya Mei niliona lori limesimama langoni, na watu wanateremshwa mmoja mmoja. Mama Editha alikuwa ameleta watu tisa wa kwao, kutoka Nyarubungo. Mama zake wadogo, watoto wa dada yake marehemu, kaka zake wawili, na wajukuu. Na mbele ya msafara, kofia bila vumbi, faili kwapani, Mzee Leonidas. Mama Generoza akachungulia dirishani akaninong'oneza kwamba amekuja kutujibia.

Wakaingia wote kwa pamoja, maana kumwambia mtu wa kwetu aingie peke yake ni kama kumshtaki. Nyaya zilikuwa zimeshatoka msumarini. Wa kwanza kwenye orodha alikuwa mtoto wa kike wa miaka sita, mjukuu wa yule dada aliyefagia uani. Nikasoma maswali. Nikafika kwenye lile la kuanguka na kuzimia, na kama kawaida swali likapita juu ya mtoto, likapita juu ya bibi aliyempakata, mmoja wa wale mama wadogo, na macho ya watu wote yakatua kwa Mzee Leonidas. Akasimama. Akavua kofia, jambo ambalo sikujua linawezekana.

"Mimi hawa nimewasindikiza tu," akasema. "Waulizwe wenyewe."

Bibi akafungua mdomo aseme hapana. Nilimwona, herufi zilikuwa zimeshafika kwenye meno. Mzee akanyoosha fimbo, si kwa ukali, akaishikilia hewani mbele ya bibi, na akaninyooshea mimi kidevu niendelee.

Nikachuchumaa. Nikamuuliza mtoto, kwa Kisubi, kama amewahi kuanguka akalala bila kutaka.

Akawatazama wakubwa wote, mmoja mmoja, kuona nani atasema. Hakuna aliyesema. Akaniambia ndiyo, mara mbili. Ya kwanza ni mbwa alipobweka nyuma yake. Ya pili ni juzi, njiani kutoka kisimani. Aliamka, akakuta maji yamemwagika, akarudi kuchota mengine, akaenda nayo nyumbani.

Bibi yake akamuuliza kwa nini hakusema.

"Mliniuliza maji," akasema mtoto.

Nikaandika Ndiyo. Kisha nikapasha jeli kwenye viganja.